Vioo vya Harusi, Bustani ya Tunga Jika

Mwezi wa nne bonde la Tunga Jika huwaka tangu alfajiri, na kilichokuwa kinamkera Tabawa ni kwamba pampu haikulijua hilo. Alikuwa anafika bustanini mapema, jembe begani, anakuta mchanga umeshaanza kuchoma nyayo, na paneli sita za sola zimelala kwenye vyuma vyao, moja nyuma ya nyingine kwa mstari mmoja, kimya. Pampu ilikuwa inaamka saa tatu. Ikifika saa tisa alasiri, imekufa tena.

"Jua lote hili," aliziambia siku moja, "nanyi mmelala tu kama wakwe."

Kande, rafiki yake wa tangu utotoni, alicheka mpaka akaketi kwenye tuta. "Zikikujibu, shoga, niite na mimi nisikie."

Lakini haikuwa ya kucheka. Maji ya kisima yalikuwa yameshuka sana mwaka ule, pampu ikalazimika kuyavuta kutoka mbali zaidi, na jua la asubuhi halikuwa na nguvu ya kuiamsha. Wanawake thelathini na mmoja wa bustani ile waligawana maji ya saa sita tu kwa siku. Matuta ya juu, karibu na tangi, yalipata. Matuta ya chini yalianza kupasuka, na majani ya vitunguu yakageuka manjano kuanzia ncha.

Na matuta ya chini ndiyo aliyokuwa anayatazama Alhaji Gambo.

Ardhi ilikuwa yake. Miaka minne nyuma ilikuwa kipande cha udongo mgumu ambacho hata mbuzi walikuwa wanakipita bila kusimama, ndipo akawaazima wanawake mbele ya Maigari, mkuu wa kijiji, kwa karatasi yenye masharti: watakaa hapo maadamu matuta yote yanamwagiliwa. Yakikutwa makavu Ijumaa tatu mfululizo, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya. Wanawake wakabeba samadi vichwani misimu miwili, wakapanda mlonge kuzunguka uzio, wakafikia kuvuna vitunguu ambavyo wachuuzi wa Nijeria walikuwa wanavifuata kwa malori. Sasa ardhi ikawa nzuri, na Alhaji Gambo akakumbuka karatasi yake.

Ijumaa moja alikuja baada ya sala, kanzu yake pana imepigwa pasi mpaka inakata, bakora mkononi. Akatembea moja kwa moja hadi matuta ya chini, akachoma udongo kwa ncha ya bakora. Vumbi likaruka.

"Mbili," akasema.

"Mbili nini, Alhaji?" Tabawa akamuuliza, ingawa alijua.

"Ijumaa mbili. Imebaki moja." Akafuta bakora kwa kitambaa. "Mmefanya kazi nzuri hapa, Tabawa. Mungu awalipe. Mtu akichoka, si aibu kupumzika."

"Nani amekwambia tumechoka?"

Alhaji alikuwa ameshageuka.

Jioni ileile Tabawa alimfuata Sule, fundi aliyezifunga zile paneli, akamkuta sokoni amepakata redio ya mtu aliyoifungua tumbo. Sule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuwa yeye peke yake ndiye anayejua.

"Unahitaji paneli nne zaidi," alisema bila kuinua kichwa. "Faranga laki tano, na usafiri juu yake."

"Ijumaa ijayo?"

Hapo Sule akainua kichwa, akamtazama kwa huruma, akarudi kwenye redio.

Kesho yake, Jumamosi, binti wa jirani aliolewa. Wanawake walibeba vyombo vya bibi harusi kwenda kuvipanga nyumbani kwa mume: mabakuli ya rangi, vitanda viwili, kabati lenye milango ya kioo kutoka juu hadi chini. Walilitua uani wapumue, na kioo kikarusha jua kwenye ukuta wa udongo, mwanga mweupe wa umbo la mlango. Wenzake walikuwa wanaimba na kupiga vigelegele. Tabawa alikwenda akaweka kiganja chake katikati ya ule mwanga. Akahesabu moyoni. Kabla ya kufika kumi aliutoa mkono kwa joto.

"Unafanya nini huko, we mwanamke?" Kande akamwita. "Njoo ushike miguu ya kitanda!"

"Nakuja," alisema, asiende.

Alfajiri ya Jumapili alifungua skrubu za kioo cha kabati lake mwenyewe, akakifunga kwa kanga, akakibeba kichwani hadi bustanini. Jua lilipopanda kidogo upande wa mashariki, alikisimamisha kwa ubavu upande wa magharibi wa paneli ya kwanza, akakitega mpaka mwanga ukalala juu ya paneli nzima. Akangoja. Pampu kimya. Akakihamishia paneli ya pili. Kimya. Alikuwa kwenye ya nne, jasho linamtiririka, aliposikia mtu anacheka kwenye uzio. Sule alikuwa anapita amepanda punda wake.

"Umeziletea kioo zijipambe?"

"Nimeziletea jua la pili. Hazitaki."

Sule alishuka, akaja akasimama, mikono kiunoni. Akacheka tena, ila safari hii akafikiri kidogo. "Sikiliza, dada. Hizi sita zimefungwa pamoja kama watu sita waliobeba gogo. Mmoja ukimpa uji ukamshibisha, gogo litakwenda mbio? Watano wenye njaa ndio watakaoweka mwendo."

"Kwa hiyo nikiwashibisha wote sita?"

Kicheko kikafutika usoni mwa Sule. "Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hasa."

"Tabawa, nakuonya. Paneli si sufuria. Ukizizidishia moto zitaungua, na mimi simo. Nitamwambia kila mtu kwamba simo."

"Waambie," alisema, akaanza kukifunga kioo chake kwenye kanga. "Waambie pia nani alinifundisha habari ya gogo."

Kupata vioo vitano vingine ndiyo ilikuwa kazi. Katika Tunga Jika kioo cha mwanamke si kitu cha kutoa ndani. Kinakuja na yeye siku ya harusi, kinakaa mbele ya kitanda, na wageni wakiingia ndicho wanachokitazama kwanza wajue kwao ni watu wa namna gani. Kande alitoa chake kabla hajamaliza kuombwa, na kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Wengine walikwenda nyumbani kuuliza, wakarudi macho chini. Hadi Jumatatu jioni vioo vilikuwa vimefika sita, na nyumba tatu zilikuwa zimelala kwa ugomvi.

Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya Tabawa. Mumewe, Nomau, alirudi akakuta kabati limetoboka kama mdomo usio na meno.

"Watu wakiingia humu waseme nini? Kwamba nimeuza kioo cha mke wangu ninunue mtama?"

"Waambie kiko kazini."

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii!"

"Nyumba ni yako, sijabisha. Kioo hiki mama yangu alikinunua kwa karanga alizobangua kwa mikono yake misimu miwili. Kuna kitu gani ndani ya chumba hiki ulichokileta wewe, Nomau, zaidi ya viatu vyako?"

Nomau akatazama chumba kona hadi kona. Akatoka nje kwenda kukaa na punda.

Jumanne walisimamisha vioo sita kwa fito na kamba, vyote upande wa magharibi, vikitazama jua linalochomoza. Kande alikuwa anakimbia huku na huku akipaza sauti kama anafukuza ndege mashambani: "Inamisha! Si hivyo! Kidogo nje!" Mwanga ukapanda juu ya paneli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ulipotulia juu ya zote sita, kutoka kisimani ikasikika guno, kisha mvumo. Bomba lilikohoa hewa mara mbili na kutema maji.

Ilikuwa saa moja na nusu.

Walipiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye bustani za jirani za wanaume, wakidhani ni msiba. Tabawa hakupiga kelele. Alisimama mdomoni mwa bomba, akakinga maji kwa viganja viwili, akayanywa ingawa yalikuwa na matope.

Kama wangeishia hapo, siku hiyo ingekuwa ya furaha. Lakini walikuwa na njaa ya maji ya muda mrefu, na mwenye njaa hajui kuacha. Jua lilipofika utosini, badala ya kuviondoa vioo waliviinamisha zaidi ili viendelee kumwaga mwanga. Saa saba hivi maji yakapungua. Wakavigeuza huku, wakavigeuza kule, yakapungua zaidi. Kisha Kande akasikia harufu ya plastiki inayoungua, akaweka mkono kwenye paneli ya tatu apapase kuna nini, na ukelele alioutoa ulifika msikitini. Ngozi ya vidole vitatu ilibaki kwenye fremu.

Walivivuta vioo vyote chini. Kisanduku cha nyaya chini ya paneli kilikuwa kimelainika na kupinda upande mmoja. Pampu haikuzima, lakini ilikuwa inalia kwa unyonge kama mbuzi mgonjwa.

Habari zilimfikia Alhaji Gambo kabla ya alasiri. Alikuja akasimama kwenye uzio, hakuingia.

"Mmezipika," akasema kwa upole. "Ijumaa nitakuja na Maigari. Nataka vioo hivyo viwe vimeondoka, kabla hamjachoma na ardhi yangu."

"Ardhi haichomwi na kioo, Alhaji."

"Viondoke, Tabawa."

"Njoo Ijumaa," alisema. "Utavikuta."

Wanawake walimtazama. Wawili walikuwa wameshaanza kufunga vioo vyao kwenye kanga. Alipoondoka Alhaji, mmoja wao alisema kwa sauti ndogo, "Dada, mkono wa Kande unatosha. Nani mwingine aungue?"

Tabawa alikwenda akachuchumaa chini ya paneli, kwenye kivuli chake, pale joto lilipokuwa linashuka juu ya kichwa chake kama kutoka kwenye tanuri. Alifikiri. Asubuhi jua lilikuwa changa, na maji yalikuwa mengi. Mchana jua lilikuwa pevu, na maji yakawa machache. Na si leo tu. Hata kabla ya vioo, saa saba ndiyo ilikuwa saa ya uvivu wa pampu, na wao walikuwa wanadhani ni kisima kimechoka.

"Si kisima," alisema kwa sauti. "Ni hizi. Zinapenda mwanga, hazipendi moto. Zikipata joto zinalegea kama mtu."

Kande, mkono wake umefungwa kitambaa chenye asali, akajibu kwa hasira, "Basi zioge! Mimi nikipata joto naoga!"

Tabawa akainua kichwa, akamtazama kwa muda mrefu.

"Usinitazame hivyo," Kande akasema. "Nilikuwa natania."

Walimwita Sule, na safari hii alikuja, kwa sababu harufu ya kisanduku kilichoungua ilikuwa inamsumbua kuliko alivyotaka kukiri. Alibadilisha kisanduku kwa kimoja alichokuwa nacho, akinung'unika. Waliposema wanataka kuzimwagia paneli maji, aliruka. "Maji ya baridi juu ya kioo cha moto? Kitapasuka pa!"

"Na tukianza asubuhi, kabla hakijapata moto? Maji yasikatike, yawe yanatambaa tu?"

Sule alikuna shingo. Alikuna tena. "Hapo," alisema, "sina la kusema."

Jumatano walichukua bomba jembamba la plastiki, wakalitoboa kwa msumari uliochomwa motoni, tundu kwa tundu, wakalilaza kwenye ukingo wa juu wa kila paneli. Maji ya pampu ileile yalipita humo kwanza. Yalitambaa juu ya kioo cha paneli kama shuka nyembamba, yakadondokea kwenye mfereji wa bati uliokunjwa chini, yakaenda tangini, hivyo halikupotea hata kopo. Vioo wakavipa ratiba: asubuhi upande wa magharibi, jua likifika utosini vinalazwa chini vyote, bila huruma, na saa nane vinasimamishwa tena, upande wa mashariki, kulipokea jua linaloshuka.

Saa saba Tabawa aliweka kiganja chake juu ya paneli ya tatu. Akakiacha pale. Wenzake walikuwa wanamtazama mkono, si uso. Akahesabu hadi kumi, hadi ishirini, kisha akakilaza na cha pili.

Siku ile pampu ilivuma hadi saa kumi na moja kasorobo. Alhamisi hivyohivyo. Zamu za maji zilifika matuta ya chini mara mbili kwa siku, na udongo ukafumba nyufa zake.

Ijumaa baada ya sala walikuja: Maigari kwa mwendo wake wa polepole, Alhaji Gambo, na nyuma yao nusu ya waliokuwa msikitini, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimuliwa. Nomau naye alikuwa humo, kasimama mbali na mkewe kama mtu asiyemfahamu.

Maigari alikwenda hadi tuta la mwisho kabisa. Hakutumia bakora. Alichuchumaa kwa taabu, akazamisha kidole kwenye udongo, kikazama hadi kwenye pete. Akakitoa kimejaa tope, akakiinua watu wakione.

"Pana maji," alisema.

"Pana ujanja," Alhaji Gambo akasema. "Karatasi haikutaja vioo. Hii ni hatari, fundi mwenyewe alisema. Sule! Hukusema?"

Watu wote walikuwa wanamtazama Sule. "Nilisema Jumapili," alijibu. "Leo ni Ijumaa. Zimepoa kuliko nilivyoziacha mimi."

Mtu mmoja alicheka. Huenda ndicho kilichomponza Alhaji, kile kicheko. Alipita kwa hatua ndefu hadi kwenye mstari wa vioo, na kabla mtu hajajua anataka nini, aliinua bakora akapiga. Kilikuwa kioo cha Kande. Kilipasuka katikati, nusu ikaanguka mchangani vipande vipande, nusu ikabaki kwenye fito.

Watu wote walisikia pampu inavyoshuka: mvumo ukawa guno, maji kwenye bomba yakawa membamba.

Alhaji Gambo mwenyewe alionekana kushtuka. Aliutazama mkono wake wenye bakora.

Tabawa alikwenda. Hakumtazama usoni wala hakumgusa. Aliifungua ile nusu iliyobaki, akakunja kanga yake mara mbili akashikia kingo zake kali, akasimama nayo kifuani kando ya paneli ile, akakitega kioo kwa mwili wake wote, nyuma kidogo, kushoto kidogo, mpaka mwanga ukapanda tena pale ulipotakiwa. Pampu ikavuta pumzi. Mvumo ukarudi.

"Piga na hiki," alisema. "Nimekishika mimi."

Jua lilikuwa linampiga usoni, na kioo kilikuwa kinaakisi joto lake nje lakini kingo zilikuwa zinachoma kupitia kanga. Alisimama. Alhaji Gambo aliteremsha bakora. Kande alikuwa ameokota vipande vyote vilivyobaki, akiwa analia bila sauti, na alipomaliza alisimama akamwambia Alhaji mbele ya watu wote:

"Kitanda changu hakina kioo sasa. Leo usiku nitalala vizuri. Wewe je?"

Maigari alisema kwamba amechoka kusimama, akaletewa mkeka. Akakaa palepale, mbele ya maji, na kila aliyetaka kuondoka akaona aibu kuondoka kabla yake. Tabawa alishika kile kioo hadi mikono ikaanza kutetemeka. Mwanamke mwingine alikuja kumpokea, akakataa. Kisha mikono mingine, mikubwa, ikashika kingo kutoka nyuma yake.

"Toa," Nomau alisema, uso umekunjamana kwa fedheha. "Toa, nimesema. Unaona watu wanavyotutazama? Watadhani sina mikono."

"Tega juu kidogo," Tabawa akamwambia. "Hapana. Juu. Sasa usitikisike."

"Ala! Mpaka lini?"

"Mpaka jua lichoke."

Alikishika hadi alasiri, akilalamika muda wote, na hakukitikisa.

Maigari alitoa uamuzi wake akiwa bado mkekani. Karatasi ilisema matuta yamwagiliwe, na matuta yalikuwa yamemwagiliwa. Maji yalikuja kwa njia gani si kazi ya karatasi. Mwenye kuvunja kioo cha harusi cha mke wa mtu atanunua kingine, kikubwa kama kile, na atakileta mwenyewe. Alhaji Gambo akaitikia kwa kichwa na kuondoka, akipita katikati ya matuta kwa tahadhari asikanyage kitu, na kwa mara ya kwanza aliondoka bila kuhesabu.

Watu walianza kutawanyika. Maigari alikuwa anavaa viatu vyake Tabawa alipokwenda kupiga magoti mbele yake, kama heshima inavyotaka, vumbi na jasho vimemkauka usoni.

"Mungu akuzidishie umri, Maigari. Kuna jambo moja."

"Sema, binti yangu."

"Ile karatasi. Tunataka nyingine. Miaka kumi, bila Ijumaa za kuhesabu."

Maigari alimtazama chini ya kilemba. "Leo nimekupa ardhi, kioo, na aibu ya Alhaji. Bado unataka?"

"Ndiyo."

"Na nikisema hapana?"

"Kesho nitakuja tena," Tabawa alisema, "na wenzangu thelathini. Tutakaa uani kwako tukichambua majani ya mlonge mpaka utuchoke."

Mzee alicheka kwa pua. "Alhaji nitamwambia mwenyewe," akasema, kisha akamwomba Sule kalamu na karatasi, kwa kuwa Sule ndiye pekee aliyetembea navyo, na hapohapo, kwenye mkeka uliolowa maji, Tabawa akakaa karibu yake kutazama kila neno linavyoandikwa, ingawa kusoma hakukujua. Kila mstari ulipokwisha alimwita Sule ausome kwa sauti, na kila Sule aliposoma haraka, alimwambia arudie.